Namna ya Kupunguza Miraba Katika Video Inapohamishwa Kutoka Muundo Mmoja Hadi Mwingine

Anayefanya kazi ya kuhamisha video za harusi, za kwaya na za matanga hapa Bukavu hukutana na lalamiko moja kuliko yote: video iliyokuwa ikitazamika vizuri kwenye diski, ikishahamishiwa kwenye fleshi au kwenye simu, inajaa miraba. Uso wa bibi harusi unagawanyika kama sakafu ya vigae, shela inapoteza mikunjo yake, na Ziwa Kivu linaloonekana nyuma ya wageni linageuka kuwa madoa ya buluu yenye kingo zilizonyooka. Video hizi mara nyingi ndizo kumbukumbu pekee za watu ambao hawapo tena, na kwa hiyo anayezishika anapaswa kuzishika kwa uangalifu. Maelezo yanayofuata yanahusu programu mbili za bure, HandBrake, inayotumia vitufe na menyu, na ffmpeg, inayoendeshwa kwa amri za kuandika, ambazo zikishawekwa kwenye kompyuta hazihitaji intaneti hata kidogo.

Miraba inatoka wapi

Video ambayo haijabanwa ni nzito mno. Picha ya ukubwa wa DVD, yaani pikseli 720 kwa 576, yenye fremu 25 kwa sekunde, ingechukua zaidi ya megabaiti 15 kwa kila sekunde, na saa moja tu ingepita gigabaiti 55, ilhali diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7. Ndiyo maana kila video tunayoishika imebanwa, na kubanwa huko kuna namna yake. Katika MPEG-1, inayotumiwa na VCD, na MPEG-2, inayotumiwa na DVD, kila fremu hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande hupigiwa hesabu peke yake: mambo makubwa yaliyomo huandikwa kwa usahihi, na madogo madogo hukadiriwa au kutupwa kabisa. Kipande hakitazami jirani yake. Biti zikiwa za kutosha, makadirio huwa madogo na jicho halioni kiungo kati ya kipande na kipande. Biti zikipungua, kila kipande hukadiriwa upande wake, rangi za mipakani hazilingani tena, na hapo ndipo mraba unapojitokeza.

VCD hutoa biti 1150 elfu kwa sekunde kwa ajili ya picha, na kiasi hicho hakibadiliki, iwe padre amesimama kimya altareni au wageni mia wanacheza kwa pamoja ukumbini. Kwa hiyo sehemu za kwanza kuharibika ni zile zenye mwendo mwingi: ngoma, mvua, majani ya migomba yanayopepea, maji ya ziwa. Zinazofuata ni sehemu tambarare na zenye giza, kama vile ukuta uliopakwa rangi moja, anga la jioni, na kivuli kilicho kwenye shavu la mtu aliyepigwa picha chini ya taa moja ya manjano. Anayetaka kujua hali ya video asitazame mwanzo wake, bali aende moja kwa moja kwenye muziki wa kwanza wa kucheza na kwenye sehemu zilizopigwa usiku.

H.264, namna mpya zaidi ya kubana video iliyoidhinishwa mwaka 2003, ilikuja na kichujio kilichojengwa ndani yake ambacho hulainisha mipaka ya vipande wakati wa kubana na wakati wa kufungua. Wengi hudhani kwamba kwa sababu hiyo, kuhamisha VCD kwenda H.264 kutaondoa miraba kwenyewe. Sivyo. Kichujio hicho hushughulikia mipaka ya vipande vyake chenyewe. Mraba uliorithiwa kutoka kwenye diski ya zamani huonekana kwake kuwa sehemu halali ya picha, sawa na ukingo wa meza au wa dirisha, na programu hutumia biti zake kuuhifadhi. Juu ya mraba huo wa zamani huongezwa makadirio mapya. Hii ndiyo sababu nakala ya nakala huwa mbaya kuliko mama yake, hata kama muundo mpya ni bora kuliko ule wa kwanza.

Hakikisha ugonjwa ni huo

Kuna kasoro tatu ambazo wateja huziita kwa jina moja, na dawa zake ni tofauti. Diski iliyokwaruzika au kuchafuka hutoa vipande vikubwa vilivyohama mahali pake: kipande cha paji la uso kinaonekana begani, rangi ya kijani inaruka ghafla, sauti inakatika, na kila ukirudia kuicheza diski kasoro inaweza kubadilika kidogo. Hapo hakuna kichujio kitakachosaidia, kwa sababu data yenyewe haijasomwa. Futa diski kwa kitambaa laini kisicho na vumbi, ukianzia katikati kwenda ukingoni bila kuzungusha, kisha ijaribu kwenye kisomaji kingine. Nimeona diski iliyokataa kabisa kwenye kompyuta moja ikasomwa hadi mwisho kwenye kompyuta ya zamani zaidi, kwa hiyo usikate tamaa baada ya jaribio moja.

Kasoro ya pili ni mistari iliyopishana, ambayo huonekana kama meno ya kitana kwenye mkono unaopunga au kwenye gari linalopita. Hutokana na jinsi kamera za zamani zilivyorekodi nusu ya mistari ya picha kwanza na nusu nyingine baadaye. Inapatikana sana kwenye DVD na kanda za miniDV. Ya tatu ni ngazi za rangi katika anga au ukutani, mithili ya duara zinazozunguka taa, ambazo hazina pembe za mraba. Ukisimamisha picha na kuikuza, utaweza kuzitofautisha: miraba ya kubanwa hukaa mahali pamoja kama wavu uliotandazwa juu ya picha, na watu hupita chini ya wavu huo.

Kabla ya kuhamisha, uliza kama kuna haja

Hatua inayookoa ubora kuliko zote haihusu kichujio chochote. Mara nyingi mteja anasema video yake "haifunguki kwenye televisheni", nasi tunakimbilia kuibana upya, kumbe tatizo liko kwenye ganda la faili tu. MKV, MP4 na MPG ni maganda. Ndani yake kuna picha na sauti ambazo zimekwisha kubanwa. Ikiwa ndani ya MKV kuna H.264 na sauti ya AAC, unaweza kuzitoa na kuziweka kwenye MP4 bila kugusa hata pikseli moja:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Kazi hiyo humalizika kwa muda wa kunakili faili tu, na picha inayotoka ni ile ile. Ili kujua kilichomo ndani, andika ffprobe, amri inayokuja pamoja na ffmpeg, na jina la faili, au tumia programu ya MediaInfo.

Ikiwa kubana upya hakuepukiki, tafuta nakala iliyo karibu zaidi na kamera. Muulize mteja kwa upole: kanda yenyewe iko wapi? Aliyerekodi bado anayo kadi au diski kuu? Kanda ya miniDV hubeba megabiti 25 kwa sekunde, zaidi ya mara 20 ya zile za VCD, na hakuna kichujio duniani kinachoweza kuifikisha VCD hapo. Mama mmoja wa Bagira aliniletea harusi ya dada yake kwenye simu, ikiwa imepitia WhatsApp mara kadhaa kutoka kwa ndugu hadi ndugu, na nyuso zilikuwa hazitambuliki. Nilimwomba, "Mama, tafadhali utazame nyumbani, labda diski ya kwanza haijapotea." Alirudi baada ya siku nne na DVD iliyokuwa ndani ya bahasha, chini ya vyeti vya ubatizo. Kazi ya wiki nzima ya vichujio isingeweza kutoa picha kama ile iliyokuwa ndani ya bahasha hiyo. WhatsApp hubana video inayotumwa kwa njia ya kawaida. Mwenye kutaka kuituma bila kuiharibu aitume kama dokumenti.

Mpangilio wa vichujio

Sasa tufikie kazi yenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hutokea, pamoja na langu. Nililetewa VCD ya kwaya ya Kadutu, picha ya pikseli 352 kwa 288, na kwa kuwa mteja alikuwa na televisheni kubwa, niliikuza kwanza hadi kimo cha pikseli 720, ndipo nikaweka kichujio cha kuondoa miraba. Matokeo yalinishangaza: nyuso za waimbaji zilififia, maua ya vitenge yakayeyuka, lakini miraba ilibaki imesimama pale pale. Nilipoikuza picha hadi pikseli zikaonekana moja moja, nilielewa. Kichujio hutafuta mpaka kila baada ya pikseli 8. Kwa kukuza picha mara mbili na nusu, mraba wa pikseli 8 ulikuwa umegeuka kuwa wa kimo cha pikseli 20. Kichujio kiligonga pikseli ya 8, ya 16, ya 24 na ya 32, ambazo zilikuwa katikati ya mashavu na nguo, huku mipaka ya kweli iliyokuwa kwenye pikseli ya 20 na ya 60 ikipitwa. Nilirudia kazi yote, nikichuja picha katika ukubwa wake wa asili, na safari hii miraba ilitulia bila vitenge kupoteza maua yake.

Kanuni inayotokana na hilo ni kwamba kichujio cha miraba hutangulia kila kitu kinachobadilisha ukubwa au kuhamisha pikseli. Hata kukata ukingo mweusi wa kushoto wenye pikseli 3 kunatosha kuusogeza wavu wote na kukipoteza kichujio. Kitu kimoja tu huja kabla yake, nacho ni kuondoa mistari iliyopishana, pale ambapo mistari hiyo ipo. Baada ya miraba hufuata kusafisha chengachenga kwa kiasi kidogo, kisha kukata kingo, na mwisho kubadilisha ukubwa. HandBrake hufuata mpangilio huu yenyewe, na kwa anayeanza hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua: fungua kichupo cha vichujio, washa Deblock kwa ngazi hafifu, na usiguse mengine kabla hujaona matokeo. Kwenye ffmpeg mpangilio ni ule unaouandika wewe, kutoka kushoto kwenda kulia. Hii ndiyo amri ninayoanzia nayo kwa DVD ya harusi yenye mistari iliyopishana:

ffmpeg -i harusi.mpg -vf "bwdif,deblock=filter=weak:block=8,hqdn3d=2:1:3:3" -c:v libx264 -preset slow -crf 19 -x264-params aq-mode=3 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k harusi.mkv

Neno bwdif huondoa mistari iliyopishana na kutoa fremu 50 kwa sekunde badala ya 25, jambo linalofanya ngoma ionekane laini kama ilivyokuwa kwenye kanda. Kwa VCD liondoe. Deblock ndicho kichujio cha miraba. Nimekiandika kwa nguvu hafifu, nawe ukiona miraba bado ni mikali, badilisha weak kuwa strong. Hqdn3d husafisha chengachenga, na nambari zake nne nimezipunguza hadi karibu nusu ya zile ambazo programu huja nazo. Usiziongeze kwa pupa. Kichujio kikali hufanya ngozi ionekane kama nta, na mzee mwenye makunyanzi akitoka bila makunyanzi, familia yake itaona kwamba huyo siye. Kwa maoni yangu ni afadhali mraba mmoja unaoonekana kwa mbali kuliko uso uliofutwa.

Kuna diski ambazo deblock haiwezi kuzituliza. Kwa hizo kuna spp, ambacho huisogeza picha kidogo kidogo pande mbalimbali, huibana na kuifungua kila mara, kisha huchukua wastani wa matokeo yote. Iandike spp=4 mahali pa deblock. Ni kizito, na kompyuta ya kawaida itachukua muda mrefu zaidi, lakini kwa VCD zenye biti chache hutoa picha tulivu kuliko njia nyingine ninazozijua ndani ya ffmpeg.

Kuhusu kukuza picha, ushauri wangu ni kutoikuza kabisa. Televisheni huikuza yenyewe inapoicheza, na faili kubwa lisilo na undani mpya humaliza biti bure. Ikiwa kuna sababu ya kulazimika, VCD iishie 768 kwa 576.

Usiibane tena kwa ubahili

Picha iliyosafishwa ikibanwa kwa biti chache itazaa miraba mipya, na kazi yote itakuwa imekwenda bure. Nambari ya crf ndiyo inayoamua ubora katika H.264: huanzia 0 hadi 51, na kadiri inavyopungua ndivyo ubora na ukubwa wa faili unavyoongezeka. Ffmpeg huja na 23. Kwa video iliyokwisha kubanwa mara moja, mimi hukaa kati ya 18 na 20, na kila ukiipunguza kwa 6, tarajia faili kuwa karibu mara mbili. HandBrake huiita RF, na maana ni ile ile.

Kasi ya kubana nayo ina siri ambayo imewaumiza wengi wenye haraka. Chaguo la ultrafast huzima kile kichujio cha ndani cha H.264 nilichokitaja, na pia huzima ugawaji wa biti unaozingatia sehemu tambarare za picha. Maana yake ni kwamba anayelichagua anaondoa kinga mbili dhidi ya miraba kwa pamoja. Chaguo la fastdecode nalo huzima kichujio hicho. Tumia slow, au medium ikiwa kompyuta ni dhaifu, na uiache usiku kucha. Maneno aq-mode=3 katika amri yangu huongeza biti kwenye sehemu za giza, na kwa sherehe zetu, ambazo mara nyingi humalizikia ukumbini usiku chini ya taa chache, tofauti huonekana kwenye vivuli vya nyuso na kwenye suti nyeusi.

Wakati mwingine nafasi ndiyo inayoamua. Fleshi nyingi zimeandaliwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4, na televisheni nyingi za zamani hazisomi mpangilio mwingine. Harusi ya saa mbili kwa megabiti 4 kwa sekunde huchukua gigabaiti 3.6 za picha. Ukiongeza sauti ya kilobiti 160 unafika kama gigabaiti 3.75, na inaingia. Kwa DVD iliyosafishwa megabiti 4 zinatosha vizuri. Ikiwa sherehe ni ndefu zaidi, igawe mafaili mawili, kanisa peke yake na ukumbi peke yake, badala ya kushusha ubora ili vyote viingie kwenye faili moja.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Huku kwetu delestaji, yaani mgao wa umeme, haiombi ruhusa, na kazi ya saa tisa inaweza kukatika ikiwa imebaki nusu saa. Faili la MP4 likikatika namna hiyo kwa kawaida halifunguki kabisa, kwa sababu orodha inayoonyesha kila fremu iko wapi huandikwa mwishoni, baada ya kazi yote. MKV haina udhaifu huo: kilichokwisha kuandikwa kinachezeka hadi pale umeme ulipokatika. Ndiyo maana amri yangu inatoa MKV. Ikishakamilika, ihamishie kwenye MP4 kwa dakika chache bila kuibana tena:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -movflags +faststart harusi.mp4

Ikiwa kazi imekatika, tazama kipande kilichookoka kimefikia dakika gani, anza tena kuanzia dakika iliyotangulia hiyo, kisha uviunganishe. Kwa kazi ndefu mimi huigawa video tangu mwanzo katika vipande vya nusu saa, na hasara ya kila kukatika huwa ndogo.

Jaribu kipande kabla ya kubana yote

Chagua sekunde 30 zilizo ngumu kuliko zote, kwa mfano mahali ambapo maharusi wanaingia ukumbini wakicheza na taa zinawaka na kuzima. Weka -ss 00:41:00 kabla ya -i, na -t 30 mara tu baada ya jina la faili la asili, kisha endesha amri mara tatu: bila kichujio cha miraba, kwa nguvu hafifu, na kwa nguvu kubwa. Yapeleke mafaili hayo matatu kwenye televisheni ile ile ambayo mteja ataitumia, au inayofanana nayo, ukae umbali ambao mtu hukaa sebuleni. Skrini ya kompyuta ndogo huficha kasoro ambazo televisheni ya inchi 43 itazianika. Tazama kwanza mahali tambarare, ukutani na angani, kisha mipaka ya nywele na ya shela, na mwisho macho ya watu. Kope na kidoti kilicho kwenye shavu vikiwa bado vinaonekana, kichujio hakijazidi kipimo. Mteja akiwa karibu, mwite atazame naye, kwani yeye ndiye anayejua sura hizo zilivyokuwa.

Faili la mwisho likishakubaliwa, nakili data ya diski ya asili jinsi ilivyo, bila kuibana, kwenye diski kuu ya nje, kwa VCD ukichukua folda ya MPEGAV na kwa DVD ile ya VIDEO_TS, uiandike jina la familia na mwaka wa sherehe. Kisha mrudishie mteja diski yake pamoja na fleshi, ukimwomba asiitupe ile ya kwanza.